Shajara ya Mradi: Mifuko 216 na Sura ya Nne

Jumatatu, 4 Machi 2024

Ninaanza kuandika shajara hii siku ambayo msimamizi amenirudishia sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamivu ikiwa imejaa wino mwekundu. Mwishoni ameandika sentensi mbili tu: “Uchambuzi wa takwimu urudiwe wote. Tafuta mtu anayeijua kazi hii akusaidie.” Pembeni mwa grafu ya kwanza ameuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: “Hivi vijistari vilivyo juu ya nguzo ni nini, na kwa nini vyote vina urefu mmoja?”

Naeleza mradi kwa ufupi ili nitakapoyasoma haya baadaye nisipotee. Utafiti unahusu uhifadhi wa mahindi katika ngazi ya kaya wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Nilichagua vijiji 6, vitatu vikiwa karibu na soko la nafaka la Kibaigwa na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, na vitatu vikiwa mbali nalo. Katika kila kijiji nilichagua kaya 12, na katika kila kaya tuliweka mifuko 3 ya mahindi ya mavuno yaleyale: mmoja wa sandarusi mtupu, mmoja wa sandarusi ambao mahindi yake yalichanganywa na dawa ya vumbi, na mmoja wa PICS, yaani ule wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya sandarusi, ambao ukifungwa barabara wadudu humaliza oksijeni iliyomo na kufa. Jumla ni mifuko 216. Kuanzia Julai 2022 hadi Januari 2023 tuliitembelea kila baada ya miezi miwili, tukachota mahindi kwa bambo kupitia mdomo wa mfuko, tukahesabu punje 500, tukatenga nzima na zilizotobolewa, kisha tukazipima kila fungu kwa mzani. Mdudu tunayemwinda zaidi ni dumuzi, aliyegunduliwa nchini kwanza mkoani Tabora na kusambaa kwa njia ya biashara ya mahindi yenyewe. Ndiyo maana ukaribu na soko ni lengo la tatu la utafiti.

Ijumaa, 8 Machi

Karibu na lango la chuo zipo steshenari kadhaa zenye tangazo la aina moja mlangoni: kuchapa, kudurufu, kutoa kopi, na kuchakata data za tasnifu. Niliingia katika mojawapo. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu na haraka: “Niachie flashi tu, kaka. Ijumaa ijayo unachukua sura ya nne imekamilika, majedwali na maelezo yake.” Nilimwuliza angetumia jaribio lipi la takwimu, naye akaniuliza msimamizi wangu hupenda lipi.

Nilitoka na flashi yangu mfukoni. Siwalaumu sana vijana hawa, kwa sababu wanaziba pengo ambalo sisi wenyewe tumeliacha: kozi ya takwimu hufundishwa kwa wiki chache mwanzoni, data hupatikana miaka miwili baadaye, na katikati hakuna mtu. Lakini siku ya kuitetea tasnifu nitasimama peke yangu mbele ya watahini, na swali la vijistari nitaulizwa mimi.

Msimamizi amenipa jina la mtaalamu wa takwimu za kilimo, mama mstaafu ambaye bado huwasaidia wanafunzi wachache kwa masharti yake. Nimempigia, na kabla ya kunipangia siku amenitaka nimwandikie kurasa mbili zisizo na jedwali wala grafu hata moja: nilitaka kujua nini, nilipima nini, na mara ngapi.

Jumanne, 19 Machi

Tulikutana nyumbani kwake saa tatu asubuhi, kwa kuwa ni mwezi wa Ramadhani na alasiri hupenda kupumzika. Nilishafungua kompyuta alipoisukuma kando kwa upole na kuniwekea karatasi na penseli.

“Mwalimu, kabla hujaniambia umetumia programu gani, nichoree mfuko mmoja. Uko ndani ya nini, na jirani zake ni akina nani?”

Nilichora mfuko ndani ya kaya, kaya ndani ya kijiji, na pembeni mwa mfuko nikaweka alama nne za raundi nne za kupima. Aliitazama karatasi ile kwa muda, kisha akauliza nina vipimo vingapi vya mfuko wa PICS. Nikajibu kwamba ni takriban 280. Akauliza nina mifuko mingapi ya PICS. Nikajibu 72.

“Basi una mifuko 72, Mwalimu. Kumpima mtoto mmoja uzito mara nne hakukupi watoto wanne.”

Kosa langu, kwa maneno ya kitaalamu, lilikuwa kuchukua kila mstari wa jedwali kama kipimo huru na kuuingiza wote katika anova ya njia moja, jaribio la kulinganisha wastani wa makundi ambalo hudai vipimo viwe huru. Mfuko uliokuwa na dumuzi wengi Septemba hauwezi kuwa mgeni kwao Novemba. Vipimo vyake vinne ni ndugu. Ukivihesabu kama watu baki, programu hudhani una ushahidi mwingi kuliko ulio nao, makosa sanifu, yaani kadirio la jinsi wastani unavyoweza kuyumba, husinyaa, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi hata kama hakuna athari yoyote, hutoka ndogo kwa kukupendeza. Mama alinieleza kuwa kosa hili lina jina katika ikolojia tangu mwaka 1984, pale Stuart Hurlbert alipochapisha makala yake kuhusu marudio bandia na kuonyesha jinsi lilivyokuwa limeenea hata katika majarida makubwa.

Jambo hili kwa malengo mawili ya kwanza, yale ya kulinganisha aina za mifuko, linarekebishika, na tena kwa faida, kwa sababu kila kaya ina mifuko ya aina zote tatu na hivyo tunaweza kulinganisha mifuko iliyolala chumba kimoja, chini ya bati moja, yenye mahindi ya shamba moja. Lengo la tatu ndilo lililoniuma. Ukaribu na soko si sifa ya mfuko wala ya kaya, ni sifa ya kijiji, na vijiji ninavyo sita: vitatu huku, vitatu kule. Kuongeza kaya katika kijiji kilekile hakuongezi kijiji. Nilikuwa nimeandika aya nzima ya kujivunia kwamba nililinganisha mifuko 108 kwa 108. Usiku huu nimeifuta.

Kabla sijaaga alifanya hesabu moja ndogo kwenye kona ya karatasi: mifuko 216 mara raundi 4 ni 864. “Faili lako lina mistari mingapi?” Nikasema 849. Akaizungushia duara tofauti ile, 15, bila kusema neno.

Tumekubaliana namna ya kufanya kazi. Yeye atauliza na kushauri. Amri zote za programu nitaziandika mimi mwenyewe. Hatagusa sentensi hata moja ya tasnifu. Na msaada wake utatajwa waziwazi katika shukrani. Malipo amekataa. Msimamizi nimemwandikia masharti haya na ameyaridhia.

Jumatatu, 25 Machi

Wiki nzima imekwenda katika kusafisha data, na ninaandika hapa kwa undani kwa sababu hakuna kitabu kilichoniandaa kwa hili.

Mifuko niliipa namba za kijiji na kaya, kwa mfano 3-11 ikiwa ni kijiji cha 3, kaya ya 11. Excel, kwa ukarimu ambao sikuuomba, iliigeuza namba hiyo kuwa tarehe. Kwa kuwa vijiji havizidi 6 na kaya hazizidi 12, karibu kila namba niliyoandika ingeweza kusomeka kama siku na mwezi, na kompyuta mbili tulizotumia zilikuwa na mpangilio tofauti wa tarehe: moja ilisoma 3 Novemba, nyingine 11 Machi. Kaya zimebadilishana mahindi kwenye faili bila wenyewe kujua. Imenibidi nirudi kwenye madaftari ya karatasi, yenye madoa ya unga wa dumuzi hadi leo, na kuandika upya kila namba kwa mtindo wa V3K11, ambao programu yoyote itauacha kama ulivyo. Kisha kulikuwa na K07 iliyoandikwa kwa herufi O badala ya sifuri, na desimali zilizoandikwa kwa mkato mahali pa nukta.

Mistari 9 ilikuwa imeingizwa mara mbili. Baada ya kuiondoa imebaki 840, na kwa hiyo pengo si 15 tena bali 24. Faili halisi nimelifungia lisibadilishwe tena. Kila marekebisho sasa yamo katika hati ya amri za R, programu ya takwimu ninayotumia, yenye maelezo ya nini kilibadilishwa na kwa nini, ili mtu mwingine akiiendesha apate faili lilelile.

Jumanne, 16 Aprili

Tumekutana tena baada ya Idi. Mvua za mwaka huu zimeharibu barabara ya kuingia kwake, nikafika nimevua viatu.

Leo alitaka kuona jinsi nilivyopata upungufu wa uzito. Kanuni ni ya kuhesabu na kupima. Tuseme katika punje 500, nzima ni 450 zenye gramu 135, na zilizotobolewa ni 50 zenye gramu 12. Uzito wa nzima unazidishwa kwa idadi ya zilizotobolewa, tunapata 6,750. Uzito wa zilizotobolewa unazidishwa kwa idadi ya nzima, tunapata 5,400. Tofauti yake, 1,350, inagawanywa kwa uzito wa nzima mara jumla ya punje, yaani 67,500. Jibu ni asilimia 2. Punje zilizoharibika ni asilimia 10, lakini uzito uliopotea ni 2 tu, na msomaji anayechanganya viwango hivi viwili anaweza kumtisha mkulima bure au kumpa matumaini ya uongo.

“Na zile hasi umezifanyaje?” aliuliza.

Nilikuwa nimezigeuza zote kuwa sifuri, kwa kuwa niliona aibu kuandika kwamba mahindi yaliongezeka uzito kwa kuliwa. Alicheka, halafu akanieleza kuwa hasi hutokea mashambulizi yanapokuwa madogo, hasa wadudu wakichagua punje kubwa, ambazo hata baada ya kutobolewa huzidi wastani wa zile ndogo nzima. Hizo ni kelele za kipimo, na kelele huenda pande zote mbili. Ukikata za upande wa chini peke yake, wastani hupanda, na kwa kuwa zangu nyingi zilitoka katika mifuko ya PICS, nilikuwa nimeuonea mfuko niliodhani naupendelea. Zimerudishwa zote. Tumekubaliana pia kwamba kipimo kikuu kitakuwa idadi ya punje zilizotobolewa kati ya 500, kwa sababu dumuzi akishaisaga punje yote kuwa unga, mzani wa punje hauioni tena.

Kisha akarudi kwenye lile duara. Mistari 24 haipo. Mingi ni ya raundi ya mwisho, na mingi kati ya hiyo ni ya sandarusi tupu. Katika daftari tuliandika neno moja tu kila mahali: “haupo.”

“Haupo umekwenda wapi?” Swali hili ndilo lililotuchukulia saa iliyobaki. Ikiwa familia iliumaliza mfuko wa sandarusi mapema kwa kuwa ulikuwa unaharibika, basi mifuko ya sandarusi iliyobaki Januari ni ile iliyosalimika, na wastani wake unaipamba aina nzima. Ikiwa, kinyume chake, mfuko uliuzwa ukiwa mzima kwa sababu bei ilipanda na ada za shule zilifika, basi tumepoteza mifuko mizuri. Pengo lilelile, na linavuta matokeo pande mbili zinazopingana. Hakuna amri ya R inayoweza kunijulisha ni lipi kati ya hayo lilitokea chumbani kwa mtu.

Jumatatu, 13 Mei

Intaneti imezorota tangu jana baada ya nyaya za chini ya bahari kukatika, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza kupakua glmmTMB, kifurushi cha R cha kujenga modeli za data zenye ngazi kama zangu. R yenyewe haihitaji mtandao kufanya kazi, lakini vifurushi vyake huishi mtandaoni. Mama alikuwa na nakala kwenye flashi yake. Nimejifunza kuhifadhi vifurushi vyote vya mradi pamoja na namba za matoleo yake.

Modeli ya kwanza ilichukulia punje zilizotobolewa kuwa na mgawanyo wa binomia, ambao huichukulia kila punje kama shilingi inayorushwa peke yake, pamoja na athari nasibu za kijiji, kaya na mfuko, yaani nafasi ya kila kimoja kutofautiana na wenzake. Data zilitawanyika kuliko mgawanyo huo unavyoruhusu, jambo lisilo la ajabu, kwa sababu wadudu hawashambulii punje moja moja kwa kupiga shilingi, hujikusanya. Tulipohamia beta-binomia, mgawanyo unaoruhusu mtawanyiko zaidi, masalio, yaani tofauti kati ya data na makadirio ya modeli, yalitulia. Toleo lililoruhusu kila mfuko uwe na mwendo wake wa kuharibika halikufika mwisho wa ukokotozi, nasi tukaliacha, na sababu nimeiandika katika sura ya tatu.

Matokeo makuu hayakupinduka: PICS bado ndio ulioyalinda mahindi vizuri kuliko mingine. Kilichobadilika ni upana wa mipaka ya uhakika, yaani eneo ambamo jibu la kweli linakadiriwa kuwemo. Kwa lengo la tatu, mipaka ya asilimia 95 ni mipana kiasi kwamba inabeba “soko linaongeza dumuzi” na “soko halina athari” kwa pamoja, na hivyo ndivyo nitakavyoandika. Mama pia amenitaka niseme waziwazi kwamba kila tulipofungua PICS kuchota sampuli tuliiingizia hewa, kwa hiyo mifuko yangu haikupata kinga ambayo mkulima asiyeufungua angeipata.

Alhamisi, 30 Mei

Siku ya grafu. Nimelipata jibu la vijistari: nilikuwa nimebonyeza chaguo la kosa sanifu lililomo ndani ya Excel, ambalo hukokotoa kutokana na nguzo zilizochorwa, si kutokana na data zilizo nyuma yake, na matokeo yake huweka urefu mmoja juu ya kila nguzo. Vijistari vile havikuwa na maana yoyote. Na nguzo zenyewe nilikuwa nimezichora kwa pande tatu, mtindo unaompendeza macho mchoraji na kumzuia msomaji kujua nguzo inaishia wapi.

Grafu mpya ina vyumba vitatu vilivyo sambamba, kimoja kwa kila aina ya mfuko, vikitumia mhimili mmoja wa wima kuanzia 0 hadi 100. Kila mfuko ni mstari mwembamba wa kijivu kupitia raundi nne, na makadirio ya modeli ni mstari mnene mweusi wenye kivuli cha mipaka ya uhakika. Mistari 72 kwa chumba haikujaa kama nilivyohofia. Ya PICS imelala chini karibu yote, ya sandarusi tupu inapanda kama moshi. Inasomeka hata ikitolewa kopi nyeusi na nyeupe ya steshenari, nami nimeijaribu. Kwa chapa nimeiweka nukta 300 kwa inchi na upana wa sentimita 16.

Tasnifu imeandikwa kwa Kiingereza, lakini mrejesho kwa wanakijiji utakuwa kwa Kiswahili, hivyo hati ya amri inatoa kila grafu mara mbili. Kutafuta jina la Kiswahili la kila mhimili kumenigundulia mihimili miwili ambayo hata kwa Kiingereza sikuwa naielewa vizuri.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekwenda Kongwa na grafu zilizochapwa, katika vijiji viwili vilivyo karibu na barabara. Mzee mmoja, mwenye kaya tuliyoiandika V2K05, alivaa miwani, akakifuatisha chumba cha sandarusi tupu kwa kidole.

“Wangu ni upi hapa, mwanangu?”

Nilimwonyesha. Mstari wake ulikuwa unapanda kwa kasi kuliko mingi, kisha unakoma Novemba. Aliuliza kwa nini umekatika wakati wa wenzake unaendelea. Nikamwambia kwamba tulipokuja Januari hatukuukuta mfuko.

“Msingeukuta. Ulikuwa unga mtupu, tuliwamwagia kuku. Huyu kijana wako hakuuliza, aliandika tu akaondoka.”

Kijana yule nilikuwa mimi. Nyumba ya tatu kutoka pale, mama wa kaya alikumbuka kwamba PICS yao iliuzwa Kibaigwa Januari ileile, ikiwa nzima, kwa ajili ya sare na michango ya mtoto aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza.

Jumanne, 25 Juni

Faili sasa lina safu mpya iitwayo “sababu.” Kati ya mistari 24, nimeijaza 13: umeharibika, umeliwa, umeuzwa. Mingine 11 imo katika vijiji vinne ambavyo sijavifikia. Hati ya amri nimeiandaa iendeshe modeli mara mbili, kwanza kwa data kama zilivyo, kisha kwa kuipa mifuko yote iliyoharibika kiwango cha juu kabisa cha uharibifu kilichopimwa katika raundi ile, na matokeo yote mawili yatakaa katika jedwali moja. Mama ameuona mpango huu kwa simu na ameuliza swali moja tu, kama wale walioumaliza mfuko kwa kula nimewauliza walianza na upi kati ya mitatu. Sikuwauliza. Nimeliandika kwenye daftari, ukurasa wa safari ya Jumatatu.